Koseti ya Mke Mkubwa

Koseti, vazi la kubana kiuno, ilikuwa na joto hata kabla Ruweida hajaivaa. Aliinunua Kawangware, alikokwenda hasa kumchungulia Valary, kisichana chenye kiuno chembamba ambacho mumewe Haroun alikioa mwezi uliopita bila kumwambia. Ndululu, muuza mitumba, aliisifu sana.

"Mathe, hii si plastiki. Ni mfupa wa nyangumi. Wazungu wa kitambo walikuwa wanajifunga nayo mpaka wanazimia."

"Nifungie," Ruweida alisema. Kuzimia ni nini, mbele ya Valary?

Nyumbani Kibera aliifukiza dukhan, moshi ambao wanawake wa Kinubi hujifukizia waume zao. Nyanyake, Bakhita, alikuwa amemfundisha: sema unajiandaa kwa fulani, umtaje. Lakini Ruweida alikuwa na hasira, jina la Haroun likakataa kutoka.

"Najiandaa kwa mume wangu," akasema tu.

"Naam," koseti ikaitikia.

Alijiambia ni redio ya jirani, akaivaa. Jioni Haroun akaja, akaona kiuno, akasahau Kawangware.

"Wee Ruweida! Umekuwa hivi lini?"

Akanyoosha mkono. Kamba zikajikaza zenyewe, mbavu zikalia, na pumzi ya moto yenye harufu ya udi uliolowa ikamnong'oneza shingoni kwamba mwanamume huyu ana mke mwingine, ilhali yeye anayenong'ona hana mwingine, hajawahi kuwa na mwingine, na huyu akimgusa Ruweida tena, yeye atambana mpaka wabaki wawili tu.

Haroun alikimbia kumwita Bakhita.

"Ulimtaja nani?" bibi akanong'ona.

"Sikutaja."

"Basi umeolewa na jini, mjukuu wangu."

Akasoma dua, akasoma, jasho likamtiririka. "Amekubali kutoka. Anauliza aende wapi. Sema porini, haraka!"

Ruweida alivuta pumzi iliyobaki. "Kwa Valary."

Kamba zikakatika. Bakhita alijifunga mtandio, akaenda zake.

Wiki moja baadaye Haroun alirudi na begi la nguo zake zote.

"Valary hataki nimguse. Kiuno kimebanwa mpaka kimeisha kabisa. Na kuna mtu anamnong'oneza, Ruweida. Anamnong'oneza, na yeye anacheka."

Mume alikuwa wake peke yake sasa, amekaa pale anangoja chai. Ruweida alijishika mbavu, wivu ukampanda upya, mkali kuliko ule wa kwanza, wala haukuwa kwa ajili ya Haroun.

"Anamwambia nini?" akauliza.