Mtoto Wetu Anaitwa Nani

"Yaya, njoo uone mwenyewe. Nikisema mimi, utasema nina mdomo."

Shekinah alisimama mlangoni, simu mkononi. Dada yake mkubwa, Célestine, hakugeuka. Alikuwa amepiga goti juu ya begi la pili, anavuta zipu iliyogoma kufunga. Basi la Lubumbashi lilikuwa linaondoka Park Station saa tano, na sasa ndiyo kwanza saa moja asubuhi. Chumba chao cha Bellevue kilibaki na kitanda, cherehani, na mashati ya mumewe, Hénock, ukutani.

"Nione nini?"

"Shemeji kaweka status. Yuko matembezini huko Japani, kashikwa mkono na mwanamke. Tena wanacheka!"

Célestine akaiachia zipu. Kwenye picha, mume wake alikuwa anapanda ngazi ndefu za mawe. Mkono wake umekamatwa na mwanamke mwembamba mwenye kofia na kitambaa cheupe kilichoziba mdomo na pua. Chini Hénock aliandika: Leo marafiki wananitembeza.

"Eish! Marafiki!" Shekinah akacheka bila furaha. "Hapa Joburg alikuwa na Rosettenville yake kila Jumamosi. Kule kapata Tokyo."

"Shekinah, nyamaza."

"Ninyamaze nini? Si Mama Zabibu wa kanisani alimwona kwa macho yake, anashuka teksi Rosettenville na maua? Wewe alishawahi kukuletea ua hata moja?"

Jibu Célestine alikuwa analo. Hajawahi.

Mwezi wa tatu mwaka ule, 2018, alijifungua mtoto wa kike, mimba ikiwa ya miezi minane. Mtoto alitoka mzima wa viungo, mzuri, na hakulia. Akina mama wa kanisani walikuja siku ile ile, wakamfuta uso, wakamwambia, "Usilie, binti. Mtoto ambaye hakulia naye haliliwi. Ukimlilia, utafunga tumbo, usizae tena." Wanaume wakaenda kuzika, yeye akabaki kitandani. Kesho yake Hénock akaamka, akaenda kazini Randburg kwenye kampuni ya mashine za kuchimbia, akarudi, akala, akalala. Hakusema neno, siku ile wala zilizofuata. Mwezi wa tisa kampuni ikampeleka Japani kusomea mashine mpya kwa miezi mitatu, naye akaaga kama anayekwenda dukani.

Ndiyo maana Célestine alikuwa anafunga mabegi. Mwanamke anaweza kuishi na njaa, lakini kuishi na ukuta kulimshinda.

"Na hizi jumbe zote hujafungua?" Shekinah alikuwa ameshaichukua simu ya dada yake kitandani. "Tangu alfajiri, Yaya!"

"Achana nazo."

Shekinah hakuachana nazo. Akafungua ya kwanza, akasoma kwa sauti ya kumwigiza shemeji yake.

*Mke wangu, huu ni msitu wa mianzi. Ukitazama juu, mbingu inakuwa nyembamba kama uzi.*

Akaacha kuigiza. Picha ilikuwa ya kijani kitupu, mianzi imepanda juu kuliko nguzo za umeme, na chini yake Hénock mdogo kama kidole.

*Sanamu hii ni ya shaba, inafika ghorofa nne. Kuna mlango mdogo, unaingia mpaka tumboni. Usiogope, sikuabudu. Niliingia tu nikashangaa.*

"Mama yangu wee," Shekinah akanong'ona. "Watu wameumba mlima."

Célestine naye akajikuta amesogea. Ujumbe wa mwisho haukuwa na picha.

*Hapa tulipofika siwezi kuandika. Nakupigia.*

Hawajamaliza kuusoma, simu ikaita. Simu ya video.

"Pokea," Shekinah akasema. "Mwambie sasa hivi kwamba unaondoka. Akome!"

Célestine akapokea. Uso wa Hénock ulijaa kioo chote, na macho yalikuwa mekundu. Katika miaka sita ya ndoa hakuwahi kuyaona vile.

"Célestine."

"Nakusikia. Huyo mwanamke wako yuko wapi?"

"Mwanamke gani?"

"Aliyekushika mkono."

Hénock akaigeuza simu. Mwanamke wa kwenye picha alikuwa amesimama pale pale. Akateremsha kitambaa usoni. Alikuwa bibi wa miaka sitini na kitu, mashavu yamekunjamana kwa ubaridi. Akainama mpaka nywele zake za mvi zikaonekana. Pembeni yake mzee mwenye miwani naye akainama.

"Mama Hanae," Hénock akasema. "Na mumewe, mzee Tetsuo, ndiye anayetufundisha mashine. Magoti ya mama yanamsumbua kwenye ngazi, ndiyo nikampa mkono."

Shekinah akatafuta mahali pa kuficha uso, hakupata.

"Sikukupigia kwa ajili hiyo," Hénock akaendelea. "Tazama."

Akainua simu taratibu.

Mwanzoni Célestine alidhani ni bustani ya mawe. Kisha mawe yakawa na nyuso. Watoto. Watoto wadogo wa mawe, hawafiki goti la mtu mzima, wamefumba macho, wamejipanga mstari juu ya mstari kupanda mlima wote, mamia kwa mamia. Kila mmoja amevalishwa kofia nyekundu na kitambaa chekundu shingoni, na mbele ya wengine kuna pangaboi ndogo za karatasi zinazozunguka kwa upepo. Majani mekundu ya miti yalikuwa yanawaangukia. Simu haikuleta sauti yoyote isipokuwa ule mvumo wa pangaboi.

Célestine alikuwa fundi wa nguo. Macho yake yakaenda kwenye kofia zenyewe. Hazikuwa za kiwandani. Hii imefumwa na mtu hodari, ile na mtu asiyejua kufuma kabisa, nyuzi zimekazwa mno hapa, zimelegea pale. Kila kofia ilikuwa na mikono yake.

"Ni nini hiki, Hénock?"

"Ni watoto ambao hawakulia."

Shekinah akakaa chini, juu ya begi.

"Mama Hanae alizaa mmoja wa hivyo miaka thelathini na moja iliyopita," Hénock akasema. "Kila mwaka, mwezi huu wa kumi na moja, anakuja kumbadilishia kofia. Mimi sikujua. Nilidhani tunaendelea kutembea tu. Nikamwona anamvisha jiwe kofia, anamfunga kamba kidevuni vizuri, kama mtoto anayepelekwa shule. Nikasimama karibu naye. Nikamwambia na mimi ninaye."

Akaigeuza simu, uso wake ukarudi kwenye kioo.

"Ukamwambia?" Célestine akauliza. "Mgeni huyu ukamwambia? Mimi miezi sita nimelala na wewe mgongo kwa mgongo!"

"Nisamehe."

"Hukusema hata neno moja!"

"Wazee wa kanisani waliniambia nikimlilia mbele yako, nitakuua na wewe. Kwamba mwanaume ni wa kunyamaza mpaka usahau. Nikawa nakusubiri usahau, Célestine. Nawe hukusahau. Nikawa namlilia huko huko."

"Huko wapi?"

"Makaburini. Kule kusini, ukiipita Rosettenville. Kila Jumamosi nilimpelekea maua."

Dada wawili wakatazamana. Shekinah akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Mama Hanae ameniuliza kitu," Hénock akasema, "nikaona aibu kubwa. Ameniuliza jina. Nikamwambia hana. Akashangaa, akaniambia mpigie mama yake." Akapangusa uso kwa mkono wa koti. "Célestine, mtoto wetu anaitwa nani?"

Célestine akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Marthe," Célestine akasema. Jina lilitoka mara moja, kama lililokuwa limesimama mlangoni. "Jina la marehemu mama. Nilimpa siku ile ile aliyozaliwa. Nilikuwa nakusubiri uniulize."

"Marthe," Hénock akarudia. Akamgeukia bibi na mzee, akawaambia. Wale wazee wakalishika jina kwa shida, wakalirudia polepole, mara mbili, mara tatu, mpaka likawakaa mdomoni. Kisha wakainama tena.

"Asante, Mama Marthe," Hénock akasema.

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Célestine akainama juu ya simu, akalia kwa sauti, kilio cha miezi minane. Jirani akagonga ukuta. Shekinah naye akaugonga kutoka upande wao: "Tuna msiba humu!"

Alipopata pumzi, Célestine akasimama, akavaa viatu.

"Nielekeze alipo."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Yaya, na basi?" Shekinah akauliza.

"Liende."

*

Saa tatu na nusu walikuwa ndani ya makaburi. Célestine akapiga simu, Hénock akapokea kabla haijaita mara ya pili. Nyuma yake kulikuwa na reli, na jua la Japani lilikuwa linazama.

"Fuata ukuta," akasema. "Ukifika kwenye bomba la maji, hesabu makaburi kumi na saba."

Akahesabu. La kumi na saba lilikuwa fupi, dogo kama meza ya cherehani. Lilikuwa limezungukwa na matofali yaliyopakwa chokaa kwa mkono wa mtu mwenye subira. Nyasi zilikuwa zimeota kidogo tu, za miezi miwili. Kwenye kibao kulikuwa na namba, na chini yake nafasi tupu.

"Niliiacha wazi," Hénock akasema. "Baba peke yake hampi mtoto jina."

Célestine akapiga magoti, akaanza kung'oa nyasi. Shekinah akapiga magoti upande wa pili. Simu waliiegemeza kwenye tofali, Hénock awaone. Akaongea. Akasimulia nywele za mtoto zilivyokuwa nyingi, na vidole vyake, virefu kama vya mama yake. Célestine akamuuliza kila kitu, naye akajibu kila kitu.

Katikati ya maneno treni ikanguruma nyuma yake, ikasimama, ikaondoka.

"Hiyo si treni yenu?" Célestine akauliza.

"Ndiyo yetu. Lakini humo ndani watu hawaongei na simu, ni aibu. Nikipanda, itabidi nikate."

"Na wazee wako? Si kuna baridi?"

Hénock akageuza simu. Mzee Tetsuo na Mama Hanae walikuwa wamekaa kwenye benchi la stesheni, wamebanana, mikono ndani ya makoti. Bibi akapunga mkono, kisha akatikisa kichwa kuelekea reli, kama anayesema: zipo nyingine.

"Hiyo ilikuwa ya tatu," Hénock akasema. "Endelea, Mama Marthe. Uliniuliza nini?"