Gunia la Lumbesa

Kibaigwa, mji wa kando ya barabara kuu, huamka na honi za malori. Silvano alipofungua stoo yake ya mahindi, dada yake mdogo, Anyesi, alikuwa ameshashika sindano ya kushonea magunia. Ilikuwa miaka ile serikali iliporuhusu kila mtu kununua na kuuza mahindi. Silvano alinunua kwa wakulima wa Haneti kwa debe. Anyesi alijaza magunia na kuyashona. Madalali waliyanunua kwa gunia.

Gunia lenyewe lilikuwa lumbesa. Likishajaa, dalali hutaka liongezwe mahindi juu, lishonewe kipande kingine, likae kama mtu aliyevaa kilemba. Kila mtu pale barabarani aliuza hivyo, na bei ilikuwa ya gunia moja tu.

Siku hiyo Silvano alihesabu, akakunja uso.

"Nimeleta debe sitini. Debe sita ni gunia moja. Yangekuwa magunia kumi. Mbona ni manane?"

"Kaka, gunia la siku hizi linakula sana," Anyesi alisema. "Kwa debe sita halijai."

"Gunia ni gunia! Tangu enzi za ushirika ni debe sita. Hayo mawili umempa nani?"

"Sijampa mtu, kaka. Njoo ujaze mwenyewe uone."

Silvano hakwenda kujaza. Safari iliyofuata yakawa manane tena. Mtaji ukaanza kuyeyuka. Mkewe, Yasinta, akasema mwizi yumo humu humu ndani. Basi Silvano akamfukuza Anyesi mchana kweupe, mbele ya madalali na wapakiaji, akimwita mwizi.

Anyesi alikuwa amechumbiwa na Batholomeo, fundi baiskeli. Maneno yale yalifika kwa wazee wa Batholomeo kabla Anyesi mwenyewe hajafika nyumbani kwao Haneti. Wakavunja uchumba. Ndiyo kazi iliyofanywa na mdomo wa Silvano, mtu ambaye hakuwahi kupima kitu chochote.

Sasa stoo aliishika yeye. Ufunguo aliuvaa shingoni. Akajaza debe sitini kwa mikono yake, akashona, akahesabu. Magunia manane.

Silvano aliketi sakafuni. Aliona aibu, na aliogopa, maana hakujua mahindi yanakwenda wapi.

Alikwenda kwa jirani yake, Halfani, bwana masoko wa wilaya. Halfani alikuja na mizani ya kuning'iniza. Wakapima debe moja: kilo kumi na nane. Wakapima gunia moja la lumbesa: kilo mia moja thelathini na tano.

"Debe sita ni kilo ngapi?" Halfani aliuliza.

Silvano alipiga hesabu kwa vidole. "Mia moja na nane."

"Na gunia lako lina mia thelathini na tano. Kila gunia unamgawia dalali debe moja na nusu bure. Ukiuza manane, umegawa debe kumi na mbili."

"Magunia yangu mawili," Silvano alisema polepole.

"Hayo hayo. Unanunua kwa kipimo hiki, unauza kwa kipimo kingine. Hesabu itakutana wapi, bwana? Dalali anajua kilo. Wewe unajua gunia. Ndiyo maana yeye anajenga na wewe unakopa."

Halfani alimwonyesha la kufanya. Mahindi yakiingia, yapimwe kilo. Yakitoka, yapimwe kilo. Gharama ya lori na ya magunia igawanywe kwa kilo. Kila wiki aulize bei ya Kibaigwa na ya Dodoma mjini, aziandike kwa chaki juu ya ubao, azilinganishe kabla ya kuuza.

"Usiuze kwa sababu lori limesimama mlangoni," alisema. "Uza kwa sababu umeona bei inakulipa."

Hesabu za kilo na bei za ubaoni zilionyesha wazi kwamba lumbesa ilikuwa inamla. Silvano akawaacha madalali. Akaanza kuwauzia wenye mashine za kusaga mjini, kwa kilo. Kufika mavuno yaliyofuata alikuwa amemaliza madeni, na mtaji umeongezeka.

Ndipo alipokwenda Haneti na doti ya khanga. Alimkuta Anyesi akipalilia karanga.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Anyesi, nilikukosea. Mizani imeonyesha hukuiba. Rudi, mdogo wangu. Biashara sasa imekaa vizuri."

Anyesi aliegemea jembe.

"Mizani imekuambia, ukaamini," alisema. "Na mimi nilipokuambia?"

Silvano aliiweka khanga chini, kando ya karanga.

"Batholomeo ameshaoa, kaka. Nenda salama. Msalimie wifi." Akainama, akaendelea kupalilia.

Silvano alirudi Kibaigwa peke yake. Stoo yake ina mfanyakazi mwingine sasa. Huyo akisema hesabu haikutani, Silvano humsikiliza hadi mwisho, kisha wote wawili huenda kupima. Faida anaipata. Dada yake hajarudi.