Upande wa Pili wa Kaseti

Kila Jumamosi asubuhi, kabla chai haijachemka, baba yake Chiriku alikuwa akiishusha redio kaseti kutoka juu ya kabati na kuihudumia kama mgonjwa. Alichovya pamba kwenye spiriti, akafuta kile kichwa kidogo kinachogusana na ukanda. Kisha alizichukua kaseti moja moja, akazipeleka mbele mpaka mwisho, akazirudisha nyuma mpaka mwanzo. Hakusikiliza hata moja. Akimaliza alizipanga kwenye kisanduku chake na kwenda kazini, kwenye ukumbi wa maonyesho wa mji, ambako alikuwa fundi wa taa.

Chiriku alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jina hilo la utani alipewa na mama yake, kwa kuwa tangu alipojua kusema mdomo wake haukuwa na kituo. Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya katika ukumbi uleule. Aliugua muda mfupi, akafariki msimu wa mvua uliopita, na tangu siku hiyo chiriku wa nyumba ile akanyamaza.

Jambo lililomkata maini zaidi lilikuwa baba. Siku ya mazishi, mama mdogo alilia mpaka majirani wakamshika asianguke. Baba hakutoa hata chozi. Alisimama na kofia yake mkononi, akajibu maswali ya watu kwa ufupi, akarudi nyumbani. Baada ya hapo hakumtaja mama tena. Alikuwa na kazi, na alikuwa na redio yake, basi.

Jumamosi moja uvumilivu ulimwishia Chiriku.

“Baba, wewe unapenda mashine kuliko watu,” alisema. “Hata mama hukumpenda.”

Mkono wa baba ulisimama juu ya pamba. Alimtazama binti yake, akamsogezea kikombe.

“Kunywa chai, mwanangu. Itapoa,” alisema, akaendelea kufuta.

Jumatatu iliyofuata, mwalimu wa muziki aliingia darasani na mzigo wa kaseti. Wanafunzi walimwita Rula, maana aligonga mapigo ya kila wimbo kwa rula yake, na ole wa dawati lililo karibu.

“Leo tunaanza opera,” alisema. “Opera ni mchezo wa jukwaani ambamo wahusika hawasemi, wanaimba. Wakigombana wanaimba, wakiomba maji wanaimba.”

“Na wakipiga chafya, mwalimu?” aliuliza mmoja, na darasa zima likaangua kicheko.

“Nyamaza wewe, usije ukaimba nje ya darasa.”

Aliwawekea opera ya kwanza, iliyoitwa *Bibi Arusi wa Jemadari*. Jemadari alimwapia mchumba wake kwa sauti ya kutikisa madirisha, tarumbeta na ngoma zikimsindikiza. Alimwita nyota, akamwita pumzi yake. Kisha akaenda vitani, akapata mwingine huko, akamsahau. Mchumba aliyeachwa aliimba peke yake, sauti ikapanda na kupanda mpaka ikakatika. Miwani, rafiki yake Chiriku, alivua miwani yake na kuifuta mara tatu.

“Opera ya pili ni *Mpiga Kengele*,” Rula alisema. “Hiyo mtaisikiliza nyumbani. Nitaazimisha kaseti. Kisha andikeni insha, mlinganishe: nani anapenda kweli, na mnajuaje? Msiniletee maneno ya waimbaji tu. Niambieni na muziki unasema nini.”

“Sisi tunayo nyumbani, mwalimu,” Chiriku alisema.

Ni kweli walikuwa nayo. Baba aliirekodi mwenyewe ukumbini, na miongoni mwa wanakwaya alikuwamo mama. Ndiyo maana Chiriku hakuweza kuisikiliza. Kila siku ya wiki ile alifungua kisanduku, akaigusa ile kaseti, akakifunga tena bila kuitoa. Aliogopa kuisikia sauti ya mama. Aliogopa zaidi kwamba angeisikiliza yote na asiitambue.

Ijumaa, siku ya kukusanya insha, hakuwa na hata mstari mmoja. Alimwomba Miwani insha yake “aitazame tu”, akajibanza nyuma ya darasa na kuinakili. Miwani alikuwa ameandika kwamba mpiga kengele hampendi mkewe. Mke anamuuliza mara kwa mara, kwa wimbo mtamu unaofuatana na filimbi, kama anampenda. Mume hajibu. Anapanda mnarani kupiga kengele. Mwisho mke anakufa, na mchezo unaisha bila jibu.

Chiriku aliyanakili hayo kwa kalamu nyepesi. Alihisi kama anaandika habari za nyumba yao.

Chini kabisa Miwani alikuwa ameongeza maneno haya: “Nimesikiliza upande wa kwanza tu. Redio yetu imetafuna ukanda wa upande wa pili. Samahani, mwalimu.” Hayo Chiriku hakuyanakili.

Njia ya mwongo fupi. Kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, Rula alimwita ofisini. Insha mbili zilikuwa mezani, ubavu kwa ubavu.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Kaa. Hii kaseti yenu ya *Mpiga Kengele*, umeisikiliza yote?”

“Ndiyo, mwalimu.”

“Kwenye mwisho kabisa, kwaya inaimba nini?”

Chiriku alitazama rula iliyolala juu ya insha yake. Machozi yalianza kumlengalenga.

“Mwenzako redio yake imetafuna ukanda, akasema,” Rula aliendelea, bila kupandisha sauti. “Wewe umetafunwa na nini?”

“Mama yumo, mwalimu,” Chiriku alisema, na kilio kikamtoka. “Mama yumo mle ndani. Nilishindwa.”

Rula alizisogeza insha kando. Alikuwa akienda ukumbini mara nyingi, na alimjua yule mama.

“Pole, binti yangu. Kushindwa si kosa. Ungekuja ukaniambia ningekupa opera nyingine. Kosa ni kuniambia umesikia jambo ambalo hukulisikia, tena ukamhukumu mtu kwa jambo hilo.” Alimrudishia karatasi. “Mpiga kengele umemwonea. Nenda kasikilize mpaka mwisho, usisikilize peke yako. Jumatatu uniletee insha yako.”

Kesho yake baba alipoishusha redio, Chiriku alikuwa amekwisha kaa mezani. Alimweleza yote: kunakili, kudanganya, na kuitwa ofisini. Baba hakumgombeza. Alichagua kaseti moja bila kusoma jalada lake, akaipachika.

Upande wa kwanza ulikuwa vilevile alivyoandika Miwani. Mke aliuliza, filimbi ikabembeleza, mume akapanda mnarani, kengele ikalia. Baba akageuza kaseti.

Upande wa pili ulianza baada ya mazishi. Jirani alimweleza mpiga kengele jambo ambalo mkewe alimwambia akiwa hai: kila jioni alirudi kutoka shambani katika ukungu mzito, haoni hata vidole vyake, na aliijua njia kwa kuifuata kengele. Kumbe kila jioni mume alimpigia ili arudi salama. Hakujibu hata hapo. Alipanda mnarani. Kengele ililia mara moja, na filimbi ikaanza wimbo wa mke palepale, kwa sauti ileile ya kengele. Chiriku akashtuka. Tangu mwanzo ule mlio wa kengele ulikuwa noti ya kwanza ya wimbo wa mke. Mpiga kengele aliuimba puani, bila maneno, sauti ikimkwama, na kwaya ikaupokea kutoka mbali.

“Sauti ya pili,” baba alinong’ona. “Msikilize. Hapo! Ameingia kabla ya wenzake. Kiongozi wa kwaya alimfokea, nasi tukacheka njia nzima.”

Chiriku aliitambua. Ilikuwa sauti iliyomwamsha asubuhi, iliyomwita akaoge. Alimshika baba mkono.

Kwaya ilipomaliza, watu walipiga makofi. Baba alipeleka kidole kwenye kitufe cha kuzima.

“Tangu afariki sijafika hapa,” alisema.

“Kuna nini, baba?”

“Sikuizima mashine upesi.”

Alikiondoa kidole kwenye kitufe. Makofi yalififia, viti vikaburutwa, viatu vikakaribia. Kisha mama, karibu kabisa, kama yuko mlangoni: “Baba Chiriku, bado tu? Zima hiyo mashine twende nyumbani, mtoto hajala.”

Ukanda ukafika mwisho.

Baba aliinamisha kichwa mezani, juu ya pamba zake, akalia kama mtoto. Chiriku hakuwahi kumwona hivyo. Alimkumbatia mabega, naye akalia.

“Ukanda usipozungushwa hunata,” baba alisema baadaye, akijifuta kwa kofia. “Ukinata, sauti imekwenda. Mimi sijui kusema, mwanangu. Niliogopa siku utakapotaka kumsikia nisiwe na cha kukupa.”

“Nisamehe, baba. Nilikuonea.”

“Yamekwisha. Ila uongo usiurudie. Mama yako asingeupenda.”

Jumatatu Chiriku alisoma insha yake mbele ya darasa. Alisema jemadari alipewa tarumbeta zote na maneno yote, lakini wimbo wake haukurudi tena baada ya vita. Mpiga kengele alipewa noti moja tu, akaipiga kila jioni.

Rula alimkata alama za kunakili. Hakumsamehe hata moja. Kisha akawaambia wanafunzi wote, “Ukweli unaanza na kusema, ‘Hapa nimesikia, hapa sijasikia.’ Na mtu, kama kaseti, ana upande wa pili. Usimhukumu kabla hujaugeuza.”

Jumamosi iliyofuata Chiriku ndiye aliyeshika pamba. Alifuta, akauliza kuhusu mama, akauliza tena, na baba akajibu moja baada ya jingine. Chai ilipoa mezani, wala hakuna aliyeikumbuka.