Dawa ya Chini ya Ulimi

Lifti ilikuwa mbovu siku hiyo, na ngazi zote za jengo zilijaa watu. Mpambaji wa kumbi za harusi alikuwa akipanda na furushi la maua ya plastiki lililompita kimo, gauni lake la manjano limemganda mgongoni kwa jasho. Kijana aliyekuwa nyuma yake, mfamasia wa duka la dawa la ghorofa ya chini, alimpokea furushi bila kuombwa.

"Zito kuliko bibi harusi mwenyewe," alisema.

"Umewahi kumbeba?"

Wakacheka hadi ghorofa ya tano. Kuanzia hapo simu hazikukatika. Habibi umeamka, mpenzi umekula, lala basi, lala wewe kwanza.

Kikwazo kilikuwa baba wa mpambaji, mwalimu mstaafu wa udereva, mtu wa maneno makali. Alimwita mkwe mtarajiwa muuza vidonge, hata mbele ya wageni. Siku ya kujitambulisha ilipofika, mfamasia akaingiwa na woga, akazima simu, hakwenda. Mpambaji alikaa sebuleni na hina yake mpaka chakula kikapoa. Akaona amechezewa, akaacha kupokea simu zake.

Jumapili moja mchana alipiga mwenyewe. Presha ya baba imepanda, mashine inasoma mia mbili na kumi. Kichwa kinamuuma kidogo, lakini anaongea, anatembea, anagomba kama kawaida. Wafanye nini?

Jibu mfamasia alilijua: mzee apumzishwe, apelekwe hospitali, presha ishushwe polepole. Lakini mpenzi wake alikuwa amempigia, na mzee mwenyewe alikuwa pale akisubiri kuona muuza vidonge ana maana gani. Akavaa shati lililopigwa pasi, akachukua dukani kidonge laini chenye maji ndani, kile ambacho chuoni walikatazwa kukitumia namna hiyo. Akakitoboa kwa pini na kumtilia mzee chini ya ulimi.

Presha ikaporomoka wote wakiangalia mashine. Shangazi mtu akapiga kigelegele. Mzee akatabasamu, akasema kumbe kijana ana kitu kichwani, aje rasmi wiki ijayo. Mpambaji alimtazama mpenzi wake kwa macho ambayo mfamasia aliyasubiri kwa miezi.

Chai haijaisha, mzee alijaribu kusimama. Mguu wa kulia ukakataa. Mdomo ukaenda upande, na neno alilotaka kusema likatoka povu.

Hospitali walisema ni kiharusi. Ukoo mzima ukasema ni ile presha, na kwamba bila kijana wangekuwa makaburini. Mpambaji alirudi mikononi mwake. Kila mgeni aliyekuja kumjulia mzee hali alisimuliwa jinsi mchumba alivyokuja mbio, na mchumba aliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Alimlisha mzee uji kwa kijiko, akamfuta kidevu, hakusema kitu.

Usingizi ulipomkimbia kabisa, alimweka mpambaji kwenye benchi, nje ya chumba ambamo mzee hufanyishwa mazoezi ya mguu.

"Nina jambo, habibi."

"Sema."

Akamweleza yote. Kwamba dawa ile huangusha presha ghafla mno, ubongo ukakosa damu. Kwamba alilijua hilo kabla hajatoka dukani.

Mpambaji alikuwa akitengeneza kola ya koti la baba yake mapajani. Hakuacha.

"Najua," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Daktari alisema dawa ile ndiyo iliyomwangusha, akaniuliza nani kampa. Nikamwambia ni mtu anayetupenda."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakusubiri. Kila nilipokushukuru mbele za watu nilikuangalia usoni, nikijiambia leo atasema. Ukazipokea shukrani zote." Akalikunja koti. "Ungeniambia siku ile ile, ningelia na wewe. Na ningeolewa na wewe. Sasa nenda, na nyumbani usije tena."

Mlango ukafunguliwa, mzee akatolewa nje akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Hakuna aliyewahi kumwambia. Alipomwona muuza vidonge uso ukamchangamka upande mmoja, akamnyooshea mkono wake mzima, na alipoupata wa kijana akaushika kwa nguvu, akakataa kuuachia, mpaka bintiye alipombandua vidole kimoja kimoja.