Betri ya Kipanya Inakaribia Kuisha

Kila mchana Chiriku akirudi kutoka shuleni, kazi zake zilikuwa zilezile: kuvua viatu mlangoni, kufua soksi, kula, kisha kumsomea babu yake gazeti. Miwani ya babu ilikuwa imevunjika mguu mmoja, naye alikataa katakata kutafuta mingine. Jina halisi la msichana huyu lilitumika darasani tu. Nyumbani na mtaani wote walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

Wiki ile, hata hivyo, Chiriku alikuwa kimya. Babu alidhani ni mafua.

Wala hayakuwa mafua. Sababu ilikuwa kwenye kona ya sebule, juu ya meza ya mama. Mama yake alikuwa mpanga kurasa. Waandishi walimletea maneno, wachoraji wakamletea picha, naye akavipanga kwenye kompyuta mpaka vikawa kitabu. Kibodi yake na kipanya chake havikuwa na waya. Vilitumia betri ndogo, kama zile za saa ya ukutani. Na sheria ya meza ile Chiriku aliijua vizuri: kompyuta ni ya kazi, si ya michezo.

Basi siku moja mama alipotoka, Chiriku alikaa pale akafungua mchezo wa kupanga matofali. Mchezo ulipoanza kunoga, maneno yakatokea pembeni mwa skrini: “Betri ya kipanya inakaribia kuisha.”

Chiriku akakitazama kipanya. Akakisogeza kulia, akakisogeza kushoto. Kilikwenda vizuri tu. Sasa nani mkweli hapa, kipanya au maandishi? Akamwambie mama? Mama angeuliza, “Wewe umeyaonea wapi?” Akayafunga maneno yale, akaendelea kucheza.

Kesho yake, mama alipotoka tena, yakarudi. Safari hii Chiriku aliamua kujitengenezea mambo mwenyewe. Alichukua betri kutoka kwenye kopo la babu. Lakini kopo lile lilikuwa na mambo yake. Babu hakutupa betri hata siku moja. Betri ikichoka, aliianika dirishani, jua likaipasha, kisha akairudisha koponi, mlemle mlimokuwa na betri mpya. “Jua linazirudishia nguvu,” alikuwa akisema, na hakuna aliyembishia. Betri aliyochukua Chiriku ilifanya kazi kidogo tu, na onyo likatokea tena.

“Nimekubadilishia, unataka nini tena?” Chiriku alikinong’oneza kipanya.

Mwishowe alipanda kiti, akatoa betri ya saa ya ukutani, akaiweka ndani ya kipanya. Ile ya kopo akaitia kwenye saa. Saa ikaendelea kugonga tik, tik, naye akashusha pumzi. Hakujua kwamba betri iliyochoka inaweza kuiendesha saa, lakini kwa kuiburuta. Wala hakujua kwamba betri ya saa nayo ilikuwa ya zamani. Onyo lilipotokea mara nyingine, chini yake palikuwa na kijisanduku kilichoandikwa, “Usinikumbushe tena.” Chiriku akakibonyeza, na maneno yakatoweka moja kwa moja.

Ikafika Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa kubwa kwa mama. Kwa muda mrefu alikuwa akipata vibarua tu, leo kitabu, kesho hakuna. Sasa kampuni moja ya vitabu ilitaka kumwajiri moja kwa moja. Saa tisa alasiri, mhariri wao angemtazama kwa njia ya intaneti akipanga kurasa. Akipenda, ajira. Asipopenda, walikuwapo wengine waliokuwa wakingoja zamu zao.

Mama aliiacha simu yake chumbani ikichaji, akaitazama saa ya ukutani. Ilisema bado robo saa. Akanywa maji taratibu, akatengeneza nywele, akakaa mezani na kuwasha kompyuta. Kompyuta ikaonyesha kwamba saa tisa imeshapita.

“Kulikoni?” mama alisema. Akaitazama saa ya ukutani, akaitazama kompyuta. “Ipi ya kweli?”

Akashika kipanya. Mshale kwenye skrini ukaenda kidogo, ukasimama. Ukaruka mpaka kona ya pili, ukasimama tena.

“Sielewi. Saa imevurugika, mshale hautii. Kompyuta hii imeingiwa na virusi.”

“Angalia betri,” babu alisema kutoka kwenye kiti chake, redio ndogo ikiwa sikioni.

“Betri si tatizo, baba. Zikichoka kompyuta hunionya, na wiki yote hii sijaona onyo hata moja.”

Aliizima kompyuta, akaiwasha upya. Hali ikawa ileile. Chiriku alisimama karibu na mlango. Sasa alielewa mambo yote, na mama alikuwa haelewi hata moja.

Simu ikaita chumbani. Mama akaikimbilia, akarudi nayo sikioni. Sauti ya mhariri ilisikika wazi: “Tunakungoja, dada. Kuna nini?”

“Samahani sana,” mama alisema. “Nadhani kompyuta yangu imeharibika. Sijui nifanye nini. Labda mumpe nafasi mtu mwin…”

Chiriku akamshika mkono. “Mama, kompyuta ni nzima. Ni betri. Onyo lilitokea, nikalizima mimi. Na saa ya ukutani niliibadilishia betri, ndiyo maana iko nyuma. Nilikuwa nacheza.”

Mama alimtazama. Akarudi kwenye simu. “Nimekosea, dada. Kompyuta haina neno. Nipe dakika chache tu.”

“Chache kweli,” mhariri alijibu.

Chiriku alikimbilia kopo la babu, akalimwaga mezani. Betri kibao, zote zinafanana. Ipi mpya, ipi ya juani? Alizishika moja moja huku akitaka kulia.

Babu alikohoa. Redioni mpira ulikuwa umewekwa kwenye nukta ya penalti na mtangazaji alikuwa akipaza sauti. Babu akafungua mgongo wa redio, sauti ikakatika, akampa Chiriku betri moja. “Hii ya dukani, nimeitia jana. Haijaanikwa popote. Chukua kabla sijabadili mawazo.”

Mshale uliteleza bila kusita. Mama akaomba radhi kwa kuchelewa, akaanza kazi. Aliziweka picha mahali pake, akanyoosha mistari, akageuza kurasa zilizovurugika zikasomeka. Chiriku alikaa sakafuni, hakuthubutu hata kupiga chafya. Mwishoni mhariri alisema, “Umetutia wasiwasi, lakini kazi yako ni safi. Tuanze Jumatatu.”

Mama alizima kompyuta, akaufunika uso kwa viganja vyake kwa kitambo. Babu akauliza taratibu, “Sasa hilo kopo langu?”

“Baba, hilo tutalizungumza baadaye,” mama alisema. Mama akamgeukia binti yake. “Njoo hapa.”

Chiriku akaenda, kichwa chini. “Utanipiga?”

“Hapana. Mwezi huu meza hii utaiona kwa mbali, basi. Lakini nisikilize vizuri. Kucheza kulikuwa kosa dogo. Ungeniambia siku ileile, ningekugombeza, tungekula, tungelala, na leo hakuna ambaye angekumbuka. Wewe ukaogopa kugombezwa, ukaficha, na kila ulipoficha ukaharibu na kingine, mpaka saa ya ukutani ikanidanganya.”

“Nilidhani onyo likiondoka, na tatizo limeondoka,” Chiriku alisema.

“Tatizo lilibaki palepale. Aliyeondolewa onyo ni mimi.” Mama alimvuta karibu. “Lile onyo halikuja kukushtaki, mwanangu. Lilikuja kutuambia kwamba bado tuna muda. Muda huo ulikuwa wangu, nawe ukanificha.”

Chiriku akalia, na mama akamwacha alie.