Neno Alilofundishwa Karani

Mama Chiriku alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa dirishani, na dirisha lilitazama barabara. Alishona sare za shule. Mwaka mzima meza yake ilikuwa ya buluu. Mashati ya buluu, sketi za buluu, na vipande vya buluu vimetapakaa sakafuni.

Kila alasiri shule ilipofungwa, mikono ilishona lakini macho yalikuwa nje. Alikuwa na saa yake mwenyewe. Akimaliza kola mbili, binti yake awe ameshafika. Akianza kola ya tatu na mtoto hajaonekana, alisimamisha cherehani akachungulia barabara.

Binti huyo ndiye Chiriku, wa miaka minane. Waliompa jina hilo hawakumwonea. Mdomo wake haukujua likizo.

Mlangoni alikaa mbwa wao, Karani. Alikuwa wa kahawia, sikio moja limesimama, jingine limelala. Aliitwa Karani kwa sababu alimtazama kila mgeni kama vile anataka kwanza aonyeshwe barua.

Mama Chiriku hakuwa na wasiwasi wa bure. Watu wawili wenye pikipiki walikuwa wakipita barabara ile wakipora mikoba. Siku moja walivuta begi la msichana wa darasa la saba. Mikanda ilikuwa mabegani mwake. Msichana akaburutwa hatua kumi, magoti yakachunika yote mawili.

Siku ya pili yake majirani walikusanyika kwa Fundi Spoki, anayetengeneza baiskeli pembeni mwa barabara.

"Mbwa tunao," alisema Fundi Spoki. "Wanakula, wanalala, wanakula tena. Sasa waamke wafanye kazi."

"Umewasema mbwa au umejisema mwenyewe?" aliuliza Bibi Kengele.

Watu wakacheka. Bibi Kengele alipiga kengele ya shule miaka thelathini kabla ya kustaafu. Mbwa wake alikuwa mzee kama kazi yake, naye aliitwa Pensheni. Mbwa wa Fundi Spoki aliitwa Breki, ingawa hakujua kusimama.

Wakakubaliana wajitolee. Asubuhi watoto wakienda shule, na alasiri wakirudi, watu wazima watatu na mbwa watatu watatembea barabarani.

"Lakini mbwa wetu wapole mno," alisema Fundi Spoki. "Tuwafundishe kukamata. Mimi nitawafundisha. Shemeji fundi, tushonee mkono wa nguo tuujaze matambara. Nikisema 'Shika!', mbwa aurukie."

Mama Chiriku alishona mkono huo usiku mmoja tu, asubuhi ukawa tayari. Alitumia kilichokuwa karibu, yaani mabaki ya mashati. Ukawa mkono wa buluu, mrefu, wenye kifungo mwishoni.

Wiki mbili walifanya mazoezi uwanjani. "Shika!" alipiga kelele Fundi Spoki, akiutikisa mkono ule. Breki alirukia matairi. Pensheni alikaa chini akapiga miayo. Karani alijifunza siku ya kwanza. Akisikia neno tu, alishauma kitambaa na kuning'inia.

"Huyu ndiye askari!" alisema Fundi Spoki. "Shemeji, umezaa mbwa!"

Mama Chiriku alifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu begi lile livutwe, alishona kola tatu bila kutazama nje.

Ilikuwa siku ya Alhamisi, alasiri. Jua kali. Mama Chiriku alisimama kwenye kona na Karani. Hakuwa amemfunga kamba, kwa sababu Fundi Spoki alisema askari hafungwi kamba. Bibi Kengele alikuwa ng'ambo ya barabara na Pensheni.

Chiriku akatokea, anakimbia, anapunga mkono. "Mama! Mama, leo mwalimu kasema..." Chupa yake ya maji ikachomoka kwenye begi ikabingirika kuelekea barabarani.

"Chupa yako hiyo!" mama alipiga kelele. "Chiriku, shika! Shika!"

Karani aliruka. Mbele yake kulikuwa na mkono wa buluu, mrefu, wenye kifungo mwishoni, unatikisika hewani. Akaushika kama alivyofundishwa.

Chiriku alilia kilio ambacho mama yake hakuwahi kukisikia. Mama akamvuta Karani shingoni kwa mikono miwili mpaka akaachia. Kwenye shati palikuwa na matundu mawili. Chini ya matundu palikuwa na damu.

Fundi Spoki alikuja mbio. "Pakeni majivu! Au chomeni nywele za mbwa mzipake hapo!"

"Wewe na majivu yako kaa huko!" alisema Bibi Kengele. Alishatoa simu, akampigia mtaalamu wa mifugo wa mtaa. Ni mwanamke kijana ambaye watu wote humwita Dada Chanjo. Bibi Kengele akaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Kidonda kioshwe sasa hivi," alisema Dada Chanjo. "Maji yanayotiririka na sabuni. Dakika kumi na tano. Si mbili, si tano. Kumi na tano. Msipake majivu, msipake pilipili, msipake kitu chochote kingine. Kisha mpelekeni kituo cha afya leo hii hii. Mbwa ana chanjo ya kichaa?"

Mama Chiriku alimtazama Karani.

"Shangazi, upo? Mbwa alichanjwa mwaka huu?"

"Hapana," alisema Mama Chiriku.

Siku ya chanjo ya mbwa gari la matangazo lilipita mtaani tangu asubuhi. Lakini alikuwa na mashati arobaini ya kumaliza. Akajisemea, Karani mwenyewe haendi popote, atautoa wapi ugonjwa? Sasa maneno yale yalimrudia yote, moja moja.

Walimpeleka Chiriku kwenye bomba la Fundi Spoki. Mama alisugua povu kwenye kidonda, maji yakatiririka. Mtoto analia, mama analia.

"Inatosha sasa?" aliuliza mama.

"Bado," alisema Bibi Kengele, macho kwenye saa.

"Bibi, mtoto anaumia."

"Najua anaumia. Bado."

Mtu aliyepiga kengele miaka thelathini hapunguzi dakika. Aliposema "Basi," zilikuwa dakika kumi na tano kamili.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi alisafisha kidonda tena na kumchoma Chiriku sindano ya kwanza ya kuzuia kichaa cha mbwa. Akaandika kadi.

"Zimebaki nyingine, na kila moja ina tarehe yake hapa," alisema. "Usiruke hata moja, mama, hata kidonda kikipona. Ugonjwa huu dalili zikishaanza, karibu kila mtu hufa. Ila mtu akioshwa mapema na akachanjwa mapema, tunauzuia. Umefanya vizuri kuja leo."

Mama Chiriku aliisoma kadi ile njia nzima kurudi nyumbani, kama barua.

Walimkuta Fundi Spoki uani ameshika nondo. Karani alikuwa amejikunja chini ya beseni, haelewi kosa lake.

"Mbwa huyu auawe," alisema Fundi Spoki. "Akionja damu mara moja, basi."

"Weka chuma hicho chini, kaka," alisema mtu langoni. Alikuwa Dada Chanjo, viatu vimejaa vumbi. "Mkimuua, mtajuaje kama alikuwa na ugonjwa? Mbwa mwenye kichaa anayeweza kumwambukiza mtu huwa hamalizi siku nyingi, anaugua anakufa. Karani afungiwe peke yake siku kumi. Apewe chakula na maji bila kuguswa. Akiwa mzima mpaka siku ya kumi, tutajua alipouma mate yake hayakuwa na kichaa. Lakini sindano za mtoto hazisubiri siku hizo. Za kuchoma na za kuacha, muuguzi ndiye atakayewaambia."

Kisha akauliza, "Nani alimfundisha kuuma?"

"Hakuna aliyemfundisha kuuma," alisema Fundi Spoki. "Tulimfundisha kushika."

"Mlimfundishaje? Nionyesheni."

Mama Chiriku aliingia ndani akatoka na mkono ule wa nguo. Dada Chanjo aliuchukua. Akauweka kando ya shati la Chiriku, lile lenye matundu. Rangi ile ile. Kifungo kile kile.

"Nimeushona mwenyewe," alisema Mama Chiriku.

"Na neno mlilochagua," alisema Dada Chanjo polepole, "hebu niambieni, kwa siku mnalisema mara ngapi? Shika kikombe. Shika mkono wa mwenzako. Shika funguo. Mbwa hajui lipi ni la mwizi na lipi ni la kikombe. Yeye ametii."

Fundi Spoki akaisimamisha nondo ukutani taratibu, kama anaogopa isitoe sauti.

Karani alifungiwa kwenye banda la kuku la zamani. Dada Chanjo aliwapa ishara za kuangalia. Mbwa kubadilika tabia ghafla. Kutoka mate mengi, kushindwa kumeza, kuyumba, kuuma hata mti. Mama Chiriku alisogeza cherehani kwenye dirisha la uani. Sasa alishona akitazama banda.

Siku ya kwanza mbwa alikula. Ya pili alikula. Ya tatu alikula. Siku ya nne, chakula kilibaki kwenye sahani.

Mama Chiriku aliketi chini na uzi bado uko mdomoni. Hakuweza hata kupiga simu. Chiriku akaja akasimama karibu yake, mkono umefungwa bendeji. Safari hii alikuwa kimya.

"Mama," alisema mwishowe, "usipige simu."

"Nini?"

"Nimemrushia mkate wangu. Kutoka dirishani. Sikumgusa."

"Mkate wote?"

"Na wa jana. Na... na wako, Mama."

Mama alicheka mpaka machozi yakatoka, na machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake. Jioni Karani alipopata nafasi tumboni, alikula.

Siku ya kumi Dada Chanjo alikuja, akamtazama Karani muda mrefu, akamfungulia. Mbwa alitoka akanyoosha mgongo, akaenda moja kwa moja kukaa mlangoni pake. Dada Chanjo akamchanja hapo hapo, kisha akawaita majirani wote walete wa kwao.

"Kila mwaka," alisema. "Hata asiyetoka nje. Mbwa wa jirani anapita, paka anapita. Ugonjwa haubishi hodi."

"Na doria yetu?" aliuliza Bibi Kengele. "Tuache?"

"Kwa nini muache? Mlikuwa na wazo zuri na njia mbaya. Mbwa si polisi, wala nyinyi si polisi. Kazi yenu ni kuonekana. Mwizi anataka barabara isiyo na mtu. Akikuta watu watatu wazima na mbwa watatu, saa zote za watoto, atatafuta kwingine. Mbwa afungwe kamba, na kamba iwe mkononi mwa mtu mzima. Mkiona baya, pigeni filimbi, andikeni namba ya pikipiki, pigeni simu polisi. Msikimbize mtu. Msimwachilie mtu mbwa."

"Na tuwafundishe maneno gani?" aliuliza Fundi Spoki. Sauti yake ilikuwa imepungua tangu siku ile ya bomba.

"Mawili yanatosha. 'Twende' na 'Tulia'. Akitii, mpe kipande cha chakula. Usimpige."

Walianza mazoezi upya. Siku ya tatu Fundi Spoki alikuwa anabishana na mteja juu ya tairi.

"Tulia, wewe!" Bibi Kengele alimwambia.

Mbwa watatu wakakaa chini. Fundi Spoki peke yake akabaki anapiga kelele.

Mama Chiriku aliufumua ule mkono wa buluu, mshono kwa mshono. Kisha kwa kitambaa kingine akashona vizibao vitatu vya njano, vinavyoonekana kutoka mbali. Chiriku alimaliza sindano zake zote, kila moja kwa tarehe yake. Mkononi zilibaki alama mbili ndogo.

Siku moja alasiri pikipiki ilikuja polepole, watu wawili juu yake. Aliyekaa nyuma alikuwa anatazama mabegi ya watoto. Fundi Spoki alifungua mdomo. "Shi..." alianza. Akajiziba kwa kiganja. Kisha akachukua filimbi akaipuliza kwa nguvu zake zote. Watu wakatoka milangoni. Mama Chiriku aliandika namba kwa chaki ya kushonea, kwenye kitambaa alichokuwa nacho begani. Karani alikuwa amekaa pembeni yake, kamba imelegea.

Pikipiki iligeuza. Kwa namba ile polisi waliwapata wale wawili kabla ya mwezi kuisha. Tangu hapo hakuna begi lililovutwa barabara ile.

Nyumbani kwa Mama Chiriku, neno lile lilikuwa limehama. Walisema "pokea". Walisema "chukua". Hata baba mtu, dereva wa lori, alipofika likizo aliambiwa mlangoni kabla ya salamu.

Dada Chanjo alisema mbwa akiacha kuzoezwa neno, baada ya muda linamtoka. Mama Chiriku alimsikia, ila hakutaka kujaribu.

Asubuhi moja, miezi mingi baadaye, alikuwa anavaa kizibao chake. Chiriku, begi mgongoni, shati la buluu limepigwa pasi, aliiondoa kamba ya Karani kwenye msumari. Alikuwa anasimulia habari za mwalimu, hapumui. Akamnyooshea mama yake kamba.

"Mama, shika."

Mama alikauka. Hata Chiriku alinyamaza, mkono uko hewani.

Karani aliinua sikio lile linalosimama. Akawatazama mmoja mmoja. Kisha akajikuna shingo, akaenda kusubiri langoni.

Mama akaishika kamba.

"Twende," alisema.