Upondo Mmoja Kisiwani Tewa

Mlingoti wa zamani wa redio uling'oka kabla hawajamaliza kufungua nati zake. Dhoruba ilitoka upande wa Pemba, nyeusi kama sufuria ya shughuli, ikawakuta watu watatu juu ya Kisiwa cha Tewa: jabali la matumbawe, mvinje mmoja uliopinda, na mavi ya ndege. Basi. Waya za kuushikilia mlingoti zikakatika kwa mlio wa bunduki, chuma kikaporomoka hadi chini ya jabali, na Nasri, fundi wa kupanda minara, akaporomoka nacho.

Vumbi la mvua lilipopungua walimwona. Alikuwa chali kwenye bonde la mawe kando ya maji, mguu wa kulia chini ya chuma. Boti iliyowaleta ilikuwa mbao tu, zikipigwapigwa na mawimbi.

"Nasri!" Praxeda alipiga ukelele.

"Nipo," akajibu. "Msinizike bado."

Praxeda ndiye aliyekuwa mkubwa wa kazi. Mzaliwa wa kambi ya mkonge, sasa mkaazi wa Chumbageni mjini, aliyekabidhiwa kubadilisha mtandao mzima wa redio za upepo za dharura: za polisi, za zimamoto, na za manahodha wa vijiji vya pwani. Asubuhi ile, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ameizima ripita ya kisiwani, lile sanduku linalodaka sauti dhaifu na kuirusha mbali. Mpya ilikuwa bado kwenye kasha lake, juu ya jabali. Bila ripita, redio ya mkononi aliyokuwa nayo kiunoni, humo baharini, ni sawa na kuongea ndani ya mtungi. Simu zao zilikwenda na boti. Mjini waliaga kwamba watalala kisiwani mpaka kazi iishe. Nani awatafute?

Badru, nahodha, mtu wa kijiji cha Ushongo, alikuwa ameokoa upondo wake, ule mti mrefu wa kusukumia boti, pamoja na kamba na dumu la maji. Waliteremka. Damu ilitoka gotini kwa Nasri ikichanganyika na povu. Praxeda alivua kitambaa chake cha kichwa akakaza juu ya jeraha mpaka damu ikawa matone.

"Vidole vya mguu unavisikia?"

"Navisikia vinanitukana, dada."

Badru aliupenyeza upondo chini ya chuma, wakauelemea wote wawili. Mlingoti ulinyanyuka upana wa kidole. Kisha upondo ukalia, kriii, kama mlango wa zamani. Waliuachia haraka. Ufa mwembamba ulikuwa umetokea katikati ya mti.

Badru aliitazama bahari, akarudi kulitazama lile bonde. Kwenye mawe, juu ya kichwa cha Nasri kabisa, palikuwa na mstari wa kijani wa mwani.

"Leo bamvua," alisema polepole. "Maji yanajaa mpaka pale."

Nasri naye aliutazama ule mstari. Hakufanya mzaha.

"Nitaogelea," Badru akasema.

"Kwenda wapi? Ushongo iko wapi kwenye mvua hii?"

"Kule." Alinyoosha mkono, akausogeza kidogo, akausogeza tena. "Kule."

"Ami Badru," Nasri akasema, "mkondo huu utakupeleka Pemba ukanunue karafuu, mie nife huku."

Praxeda alimnywesha Nasri maji kwa kifuniko cha dumu. Alikuwa akimkumbuka Saleha.

Saleha alikuwa mwenye redio ya kamati ya ufukwe kule Ushongo. Miaka na miaka, kila alasiri akishaswali, aliwasha redio akawaita manahodha mmoja mmoja kwa majina, na hakuzima mpaka wote waitike. Humo humo watu walitaniana, waliulizana bei ya nguru, walipeana pole. Praxeda alipokwenda kukusanya redio za zamani na kugawa mpya, aliupiga marufuku mchezo huo.

"Huu mtandao wa dharura, mama, si wa umbea. Mwenye shida atapiga mwenyewe."

Saleha alijitanda khanga yake vizuri. "Haya mwanangu. Aliyezama atapiga mwenyewe."

Sasa maji yalikuwa kiunoni kwa Nasri.

"Tujaribu tena," Badru akasema, akaushika upondo.

"Usiuguse!" Praxeda alimzuia. "Naweza kuiwasha ripita mpya. Betri yake haikulowa. Lakini antena lazima ikae juu, na juu hapana kitu ila ule mvinje. Nahitaji upondo, niufunge kileleni."

"Upondo huu ukimtoa, kazi imekwisha!"

"Na ukivunjika?"

"Na ukiwasha hilo sanduku lako, nani anasikiliza? Si uliwaambia mtandao bado, redio waziweke ndani? Si uliwakataza kuitana?"

Wimbi lilimpiga Nasri kifuani, akatema maji.

"Mnabishania upondo mmoja, na mguu ni wangu," akasema. "Mpe, ami. Mama Saleha namjua. Yule hakatazwi."

Badru aliusukuma upondo mikononi mwa Praxeda bila kumtazama, akaingia majini, akakipakata kichwa cha Nasri.

Praxeda alipanda. Gome la mvinje lilimchuna mapaja, upepo ulitaka kumbandua kama jani. Antena aliifunga kwenye ncha ya upondo, upondo akaufunga kwenye tawi kwa kamba ya boti, akikaza fundo kwa meno pale ufa ulipokuwa. Akashuka nusu anateleza. Akaumenya waya kwa kisu, akaunganisha, akawasha. Taa ndogo ya kijani ikakonyeza.

Redio yake ikakoroma. Kisha, kabla hajagusa chochote, sauti ikaanza kuongea, imechoka, kama ya mtu aliyekwisha kuongea peke yake muda mrefu.

"...Nahodha Shehe, itika. Shehe hayupo. Badru wa Ushongo. Badru, itika baba. Badru."

Badru alilia kwa sauti, kule chini majini. Praxeda alibonyeza.

"Mama Saleha, ni Praxeda! Tupo Tewa, boti imevunjika. Nasri amebanwa na chuma na maji yanapanda. Leteni jeki ya gari! Mbili, kama zipo!"

Akaachia kitufe. Mawimbi.

"Shikamoo hunipi?" Saleha akasema. Kisha, papo hapo, wakamsikia akipaza sauti ufukweni, anawataja watu kwa majina, na majina yale yakaanza kujibu.

Boti za Ushongo zilifika Nasri akiwa anapumua kwa kuelekeza pua mawinguni, Badru amemziba mawimbi kwa mgongo wake. Jeki zilizamishwa, mtu akapiga mbizi kuzizungusha. Chuma kikanyanyuka.

Mguu haukukatwa, ila Nasri hapandi tena minara. Anatengeneza redio akiwa amekaa. Mtandao mpya unafanya kazi, na ndani yake Praxeda alitenga njia moja isiyo na masharti yoyote. Kila alasiri, popote alipo, huacha alichoshika. Saleha huanza na manahodha, akawamaliza. Halafu huita jina moja zaidi.

"Praxeda wa Chumbageni."

"Shikamoo, mama. Nipo."